Chungu Kimoja au Viwili?

Katika arusi nyingi tulizohudhuria tumewasikia bwana na bibi wakiahidi mbele ya watu kwamba mmoja akipatwa na maradhi, mwenziwe hatamwacha. Ni ahadi nzito, nasi tumeiona ikitimizwa. Tunamjua mama mmoja hapa kijijini aliyemwosha mumewe kidonda cha mguu asubuhi na jioni muda wa miaka miwili. Na mguu ulipokatwa hospitalini, bega la mama yule likawa ndilo mkongojo wa mumewe, wala hakunung'unika mbele ya mtu. Watu wote walimsifu, na sisi tulimsifu. Lakini baadaye tulianza kujiuliza neno ambalo hatukuthubutu kumwuliza yeye: ahadi ile ilianza kuwafunga siku gani? Je, ilianza siku kidonda kilipoonekana, au ilikuwa ikiwafunga tangu zamani, miaka ile walipokuwa wazima wote wawili, wakiketi kula na kunywa chai yao bila kufikiri neno?

Kwa maradhi yanayomwangusha mtu kwa siku moja, swali hili halina uzito mwingi. Kwa ugonjwa wa kisukari lina uzito, kwa kuwa ugonjwa huu huja polepole, pengine kwa miaka kumi, na mara nyingi njia yake hupita jikoni.

Yafaa tuseme kwanza ni kisukari kipi tunachokinena, maana watu huchanganya. Iko aina ya kwanza, ambayo huwapata hasa watoto na vijana. Mwili wao huacha kutengeneza insulini, ile dawa ya asili inayoiingiza sukari ya damu katika viungo. Mtoto wa namna hiyo hakuugua kwa ulafi wake wala kwa kosa la mama yake, na atakayewalaumu awaonea. Ni kwa ajili ya wagonjwa kama hao insulini ilipogunduliwa katika mji wa Toronto mwaka 1921, na mwaka uliofuata mvulana wa kwanza akachomwa sindano yake. Aina ya pili ndiyo iliyo nyingi kupita zote, na ndiyo tunayoitaja hapa. Katika hiyo insulini ipo, lakini mwili hauisikii tena sawasawa, hasa mtu anenepapo tumboni, akaketi mno, na tena kama wazazi wake walikuwa nayo. Mwaka 1989 yalichapishwa matokeo ya vipimo vya vijiji sita vya Tanzania, na waliokuwa na kisukari hawakufika mtu mmoja katika mia. Uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka 2012, kwa watu wa miaka 25 hata 64, ulipata kama watu tisa katika mia. Hesabu hizo mbili si za watu wa umri mmoja wala mahali pamoja, kwa hiyo tusizipime kama mizani ya dukani. Hata hivyo zaonyesha mto unakoelekea. Katika dunia nzima watu wazima wenye ugonjwa huu walikadiriwa kuwa milioni 589 mwaka 2024, na zaidi ya wanne katika kila kumi hawajui kwamba wanao.

Je, waweza kuzuiwa? Waweza kwa sehemu kubwa, wala hatusemi kwa kubahatisha. Mwaka 1986 madaktari wa China, katika mji wa Da Qing, waliwachukua watu 577 ambao sukari yao ilikuwa imepanda lakini haijawa ugonjwa. Wengine waliachwa waishi kama walivyoishi, na wengine wakasaidiwa muda wa miaka sita kubadili chakula au kuutumikisha mwili, au yote mawili. Halafu Finland wakajaribu, na Marekani wakajaribu kwa watu 3,234. Matokeo ya Finland yalitoka mwaka 2001 na ya Marekani mwaka 2002, na yalikuwa sawa kwa ajabu: waliobadili maisha, walioingia katika ugonjwa walikuwa pungufu kwa asilimia 58 kuliko wenzao. Na walichoagizwa hakikuwa kikubwa. Wamarekani wale waliombwa wapunguze uzito kwa sehemu saba katika mia, ndiyo kusema mtu wa kilo 80 apunguze kilo tano na nusu hivi, na watembee kwa haraka dakika 150 kila juma, yaani nusu saa siku tano. Wale waliopewa vidonge katika uchunguzi huohuo walipata faida pia, asilimia 31, lakini waliotembea na kula kwa kiasi waliwapita.

Sasa twarudi kwa swali letu, na hatuwezi kulijibu pasipo kueleza aibu yetu wenyewe.

Miaka michache iliyopita walikuja wapimaji shuleni, nasi tukatoa kidole kama walimu wengine, asubuhi kabla ya kula. Sukari yetu ilikuwa 6.5. Hesabu ikifika 7 na kurudi hivyo mara ya pili, mtu huitwa mgonjwa. Sisi tulikuwa hatujafika. Mganga alituambia, "Mwalimu, hujaugua, wala si mzima, umesimama mlangoni." Akatueleza tupunguze sukari ya chai na tumbo, akatuandikia kadi. Tukaiweka kadi mfukoni, tukaenda nyumbani, tukanyamaza. Muda wa miezi mitano mama wa watoto wetu hakujua neno.

Kwa nini tulinyamaza? Tulijidanganya kwamba hatutaki kumtia hofu. Kweli yenyewe ni nyingine: tulijua ya kwamba akijua, itatubidi kutii. Tulipenda chai yetu yenye vijiko vitatu, mara nne kwa siku. Hesabu vijiko hivyo, msomaji: ni kumi na viwili, na Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2015 lilisema kwamba hicho ndicho karibu kiasi chote cha sukari ya kuongeza ambacho mtu mzima asikipite kwa siku, na afadhali akomee nusu yake. Nasi tulikuwa tumekimaliza kwa chai tu, kabla ya kufika sokoni kununua soda, ambayo chupa yake moja yaweza kuwa na vijiko karibu tisa.

Lakini kosa letu halikuwa chai. Kosa letu lilikuwa kwamba miezi ile mitano mwenzetu aliendelea kutia sukari kwa mkono wa ukarimu, akijua kwamba atutendea mema. Tuliutumia upendo wake kutudhuru, naye hakujua. Kama tungekunywa kwa mkono wetu wenyewe, gizani, tungekuwa tumejikosea wenyewe. Lakini tulimfanya yeye kuwa mshiriki bila ridhaa yake, na hilo twaona ni namna ya uongo, ijapokuwa hatukusema hata neno moja la uongo.

Kadi aliiona siku ya kufua. Hakupaza sauti. Alingoja watoto walale, akaiweka mezani, akauliza, "Mwalimu, siku utakapougua, nani atakayekuosha?" Tukajibu kwamba ni yeye. Akasema, "Basi mbona hukuniambia?" Hatukuwa na jibu, na hata leo hatunalo.

Katika maneno yake yale machache tuliona ya kuwa swali la arusi limejibiwa. Atakayebeba mzigo ana haki ya kujua kwamba unafungwa, na pengine ana haki ya kusema usifungwe. Mtu asiyetaka mkewe aulizie chakula chake leo, kwa haki gani atamtaka aulizie kidonda chake kesho?

Tulipomweleza jambo hili mwalimu mwenzetu, yeye hakukubali. Alisema kwamba kila mtu na tumbo lake. Kwamba mtu mzima si mtoto wa kuhesabiwa matonge. Na kwamba nyumba ambayo mke huchungulia kikombe cha mumewe, au mume huchungulia sahani ya mkewe, si nyumba tena bali ni boma la askari. Tulimsikiliza kwa makini, kwa kuwa mna kweli katika maneno yake. Tumeziona nyumba za namna hiyo. Tunamjua mume aliyemfungia mkewe sukari kabatini akatembea na ufunguo, na mke yule akawa akinywa chai kwa jirani, tena tamu kuliko ile ya kwanza. Amri haikumfaa kitu, ila ilimfundisha kuficha.

Walakini hoja ya kila mtu na tumbo lake yasahau ya kwamba matumbo ni mawili lakini chungu ni kimoja. Fedha ya sokoni ni moja, jiko ni moja, saa ya kula ni moja. Madaktari wa Kanada walipozikusanya chunguzi kadha wa kadha mwaka 2014, waliona ya kuwa mtu ambaye mwenziwe ana kisukari cha aina ya pili, hatari yake naye huzidi kwa kama robo kuliko ya watu wengine. Ugonjwa huu hauambukizi. Hauhami kwa pumzi wala kwa mate. Wanandoa hawana damu moja ya wazazi. Yamkini basi kinachohama ni desturi. Na desturi njema nayo huhama vivyo hivyo. Huko Uingereza zilitazamwa jozi 3,722 za watu waliofika umri wa makamo na uzee, na habari ikachapishwa mwaka 2015: miongoni mwa waliokuwa wakikaa tu, ambaye mwenziwe alianza kuutumikisha mwili, kama theluthi mbili yao walianza pia, ambaye mwenziwe aliendelea kukaa, ni kama robo tu walioanza. Hesabu hiyo haithibitishi kwamba mmoja ndiye aliyemvuta mwingine, huenda jambo la tatu liliwasukuma wote wawili. Lakini mtu aliyewahi kujaribu kuamka alfajiri peke yake, mwenziwe akikoroma, hatahitaji kuthibitishiwa.

Liko neno jingine ambalo waume wenzetu hawapendi kulisikia. Tukisema "wabadili pamoja," mara nyingi maana yake nyumbani huwa kwamba mume ameagizwa na mganga, naye amemwagiza mke, na mke sasa apika vyungu viwili: kimoja cha mgonjwa na kimoja cha watoto, kwa kuni zilezile na mikono ileile. Mume akipungua uzito asifiwa kwa nguvu za moyo wake. Sukari ikipanda, mke aulizwa amepika nini. Hatuoni kwamba huko ni kushirikiana.

Tena mwenzetu alipopimwa, sukari yake ilikuwa nzuri kabisa. Hapo ndipo tulipoona ya kuwa jambo si jepesi kama tulivyodhani. Yeye hulima, huteka maji, hurudi na mzigo kichwani, ni mwembamba. Sisi hupanda bodaboda kwenda shule iliyo umbali wa mwendo wa nusu saa, na kutwa twasimama mbele ya ubao au kuketi na madaftari. Ni kwa haki gani tumwambie mtu huyu ale kidogo kama sisi? Dawa yetu kwake ingekuwa njaa. Na watoto wanakua. Tulizungumza siku kadhaa, na hatimaye tukapatana hivi: chungu kiwe kimoja, lakini vipimo visiwe kimoja. Mboga na maharage ziwe nyingi kwa wote; ugali uwe wa dona, ambao kwa kweli ulipunguza gharama ya mashineni kwa kuwa hatulipi tena kukoboa, wala hatutupi pumba yenye manufaa; tonge letu sisi liwe dogo, lake liwe kama apendavyo. Chai ipikwe pasipo sukari, na bakuli la sukari likae mezani, kila mtu atie kwa mkono wake mwenyewe mbele ya macho ya wote. Yeye hutia kijiko kimoja. Sisi tulianza na kimoja na nusu, tukashuka taratibu. Juma la kwanza tuliona kama tunakunywa maji ya kuoshea vyombo.

Kwa upande wetu tuliacha bodaboda. Hili lilikuwa fungu letu, kwa kuwa halikumwongezea mtu mwingine kazi hata kidogo. Twaona ndivyo ipasavyo kugawana jambo hili: kila mmoja abadili kwanza kile kilicho mikononi mwake, kabla ya kunyosha kidole kuelekea kilicho mikononi mwa mwenziwe. Mume aliye na fedha ya sokoni na jioni za kukaa barazani na chupa, aanzie huko, asianzie jikoni.

Lakini kazi iliyokuwa ngumu kuliko chai ni maneno ya watu. Katika nchi yetu mtu akinenepa baada ya kuoa husemwa ametunzwa. Akikonda, macho yote humwelekea mkewe. Wengine hudhani kuna maradhi yaliyofichwa, wengine hudhani kuna njaa, na ndugu za mume hawakawii kuuliza kwa mafumbo kama jikoni kunawaka moto. Tulipopungua kilo sita, kola ya shati ikalegea, na jirani mmoja akamwambia mwenzetu kisimani, "Mwalimu siku hizi mnamlisha nini?" Alicheka, lakini alirudi nyumbani kimya. Hapo tulifahamu ya kuwa yeye alikuwa akilipa bei ambayo sisi hatukulipa. Afya ilikuwa yetu, na heshima iliyopotea ilikuwa yake. Katika vitabu vya madaktari tulivyosoma, bei hiyo haikuandikwa. Nasi twadhani ndiyo inayowashinda wake wengi wenye mapenzi mema, zaidi ya ujinga na zaidi ya umaskini.

Sharti tuseme pia neno ambalo laweza kuwakatisha wengine tamaa, maana haifai kuwashawishi watu kwa nusu ya habari. Wale watu wa Da Qing walifuatwa muda wa miaka 30. Wengi wao waliobadili maisha walikuja kuugua kisukari baadaye. Lakini kwa wastani walichelewa karibu miaka minne kuliko wenzao, na waliokufa kwa maradhi ya moyo walikuwa wachache. Kwa hiyo yawezekana mume na mke wakafanya yote kwa uaminifu, na ugonjwa ukaja. Ikiwa hivyo, mmoja asimwambie mwingine, "Kumbe ulikuwa ukila kwa siri." Kiasi hakinunui ahadi kwa mwili, huondoa baadhi ya hatari, na nyingine hubaki, kwa kuwa wazazi wetu walituachia zaidi ya mashamba.

Mwalimu mwenzetu aliposikia hesabu hiyo alicheka, akasema, "Miaka minne tu! Kwa hiyo umeacha sukari?" Kwake ni kitu kidogo. Sisi tuna binti aliye darasa la saba. Miaka minne ni safari yake kutoka Kidato cha Kwanza hata cha Nne, na karo yake, na macho yetu kuweza kusoma barua zake. Kila mtu ajue mwenyewe miaka yake minne ina nini ndani.

Mwisho wa mavuno mama yetu mzazi alikuja kutuamkia, akakaa majuma mawili. Siku ya kwanza alitutazama muda mrefu, asiseme. Jioni akaletewa chai. Akaonja, akaweka kikombe chini, akamgeukia mkwewe, akasema kwa upole ambao sisi watoto wake twaujua vema, "Mwanangu, sukari imekwisha humu ndani?" Mwenzetu akainamisha uso. Miezi ile yote alikuwa amejibu maswali ya kisimani peke yake, nasi hatukuwahi kuwapo. Tukasogeza bakuli mbele ya mama, tukamwambia, "Haikwisha, mama. Ni mimi niliyemwomba apike hivi. Nilisimama mlangoni mwa ugonjwa ule uliomchukua baba, nikamficha mke wangu. Yeye ndiye aliyenivuta."

Mama alinyamaza. Kisha akachukua kijiko, akatia sukari, akafikiri, akatia cha pili. Akamwuliza mkwewe kama naye amepimwa, na kama mpimaji hupatikana siku gani.